Mwongozo Usiomjua Mwalimu wa Kwaya

Miongozo mingi ya programu za kuandikia nota imeandikwa na anayejua kila kitu, akimwandikia anayejua nusu. Ndiyo maana imepangwa kwa kufuata menyu: sura ya faili, sura ya mwonekano, sura ya alama. Mwalimu wa kwaya hafikirii kwa menyu. Ana sauti nne, beti tatu, na Jumapili ni keshokutwa.

Chukua neno “tunakushukuru”. Lina silabi sita, na mara nyingi kila silabi ina nota yake. Katika MuseScore unabonyeza Ctrl na L, unaandika “tu”, kisha kistari kinakupeleka kwenye nota inayofuata. Ukibonyeza nafasi badala ya kistari, programu inadhani umeanza neno jipya, na wanakwaya wanapewa neno moja lililokatwa vipande sita. Kwa lugha yenye maneno marefu kama yetu, hilo ni jambo la ukurasa wa kwanza. Na silabi moja inayoimbwa kwa nota tatu je? Maelezo yapo, ila yamewekwa chini ya neno “melisma”. Asiyejua jina la kitu atakitafutaje kwenye faharasa?

Solfa ndiyo kabisa. Kwaya nyingi ninazozijua zinasoma d, r, m na nukta zake, mfumo ambao John Curwen aliueneza Uingereza katika karne ya 19. Mimi huziandika herufi hizo kana kwamba ni ubeti wa maneno. Ni ujanja tunaopokezana kwa mdomo, baada ya mazoezi, mmoja akiwa ameshika simu na mwingine kompyuta.

Nimeambiwa: tazameni video. Video inakula bando, haina faharasa, na huwezi kuibandika ukutani karibu na kinanda. Wengine wanasema tutafsiri. Tutafsiri nini, mpangilio uleule? Afadhali tuwaige watu wa LilyPond, ambao wametenga kitabu cha kujifunzia na kitabu kikubwa cha marejeo. Cha kwanza unakisoma kwa mfuatano. Cha pili unakifungua ukikwama.

Hili si suala la urahisi tu. Agosti 2024 kampuni ya MakeMusic ilitangaza kwamba haitaiendeleza tena Finale, programu iliyokuwapo tangu 1988. Nyimbo zilizohifadhiwa kwa faili za Finale peke yake sasa zinategemea programu isiyo na mwenyewe. Zilizotolewa pia kwa MusicXML zinafunguka katika MuseScore, Sibelius au Dorico. Kutoa faili hilo ni kazi ya dakika moja, na mwongozo unaojali jasho la mtunzi ungeifundisha siku ya kwanza, kabla ya kumwonyesha namna ya kubadili rangi ya nota. (Nani anabadili rangi ya nota?)

Ninachotaka ni kurasa ishirini, zilizoandikwa upya kwa Kiswahili, zinazoanza na wimbo mmoja wa sauti nne na kuishia na karatasi mkononi mwa soprano, alto, teno na besi. MuseScore ni programu huria. Hatuhitaji kumwomba mtu ruhusa ya kuifundisha. Sura ya solfa nimeianza, imefika ukurasa wa nne. Ya silabi bado haina mwandishi.