Pole kwanza, kaza buti baadaye

Wadau, leo naomba siasa nizipe likizo. Nataka kuzungumzia nyimbo za kufariji, na hasa za dada mmoja wa Kijapani anayeitwa Angela Aki. Najua kuna watakaocheka. Cheka, lakini soma mpaka mwisho.

Wiki iliyopita nimetimiza miaka 30. Hakukuwa na keki. Miezi miwili kabla ya hapo, pale nilipokuwa naandikia walipunguza watu, na mimi nikawamo. Simu zilikuja nyingi, karibu zote na maneno yale yale: kaza buti, Mungu ana mpango, mbona fulani naye alifukuzwa na leo ana gari. Walisema kwa upendo, siwalaumu. Ila kila nilipokata simu nilijiona mdogo kuliko nilivyokuwa kabla ya kupokea.

Usiku ule nikautafuta wimbo niliousikia mara ya kwanza mwaka 2010, nikiwa kidato cha pili. Tulikuwa na mwalimu wa Hesabu wa kujitolea kutoka Japani. Ijumaa moja alikuja na laptopu darasani, akatupigia wimbo wa lugha yake, piano na sauti ya mwanamke basi, kisha akatueleza kwa Kiswahili chake cha kuungaunga unahusu nini.

Wimbo wenyewe unaitwa "Tegami", yaani "Barua", ulitoka Septemba 2008. Kijana wa miaka 15 anamwandikia mtu mzima atakayekuja kuwa. Anamweleza mambo ambayo hana wa kumwambia. Baadaye yule mtu mzima anamjibu. Haukutungwa ili uuze tu. Shirika la utangazaji la NHK huwa na mashindano ya kwaya za shule nchi nzima, na mwaka huo wimbo huu ndio uliopangiwa shule za ngazi ya sekondari ya chini, watoto wa umri wa miaka 12 hadi 15. Angela alitembelea baadhi ya shule hizo akawasikiliza wanafunzi. Leo ni moja ya nyimbo zinazoimbwa kwenye mahafali huko Japani.

Alipata wapi wazo? Alipotimiza miaka 30, mama yake alimtumia barua ambayo yeye mwenyewe aliiandika akiwa kijana, akijiandikia yeye wa baadaye. Na huyo kijana hakuwa na maisha mepesi. Angela alizaliwa mwaka 1977 mkoani Tokushima, baba Mjapani, mama Mmarekani mwenye asili ya Italia. Fikiria kuwa chotara kwenye mji mdogo wa Japani miaka ile, kila mtu anakukodolea macho. Akiwa na miaka 15 familia ikahamia Hawaii, akaanza upya. Akasoma chuo kikuu Washington, akafanya kazi za kawaida huku akiimba usiku.

Mwaka 2003 akiwa Tokyo alikwenda kumwona mwanamuziki Shiina Ringo akitumbuiza Budokan, ukumbi uliojengwa kwa ajili ya judo kwenye Olimpiki ya 1964. Akajiapiza kwamba ndani ya miaka mitatu na yeye atapanda pale. Tarehe 26 Desemba 2006 akapanda, peke yake na piano yake.

Sasa, hapo ndipo wengi wetu tungemalizia: umeona? Ukijituma utafika! Mimi nasema hapana. Kinachonigusa kwenye "Tegami" ni kwamba yule mtu mzima anayejibu barua hajifanyi ameshinda. Hamwambii mtoto "vumilia, mimi sasa nina nyumba". Anakiri kwamba hata ukubwani watu wanaumia na kukosa usingizi. Kisha ndipo anamtia moyo. Tofauti ni hiyo tu, lakini ni kubwa kweli kweli.

Wajapani wana neno lao, "ganbare", ambalo naweza kulifananisha na kaza buti. Wanalitumia uwanjani, kwenye mitihani, kazini, kila mahali. Wana hata jina la aina nzima ya nyimbo za kuhimizana, na "Makenaide" ya kundi la ZARD ya mwaka 1993 ni mfano unaojulikana na kila mtu kule. Lakini ni Wajapani hao hao wanaoonya kwamba mtu mwenye sonona usimwambie ganbare. Kwa nini? Kwa sababu tayari amekaza mpaka uzi umekaribia kukatika. Kumwambia akaze zaidi ni kumwambia kwamba alichofanya hakitoshi.

Na sisi Waswahili tuna bahati, tuna neno ambalo lugha nyingi zinalitafuta: pole. Pole haiahidi kitu. Haimlinganishi mtu na fulani mwenye gari. Inasema nimeona kwamba umeumia, basi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kwa hiyo anza na pole, ushauri utafuata. Siku hizi tunairuka pole tunakimbilia hotuba. "Tegami" kwangu ni pole ndefu yenye piano.

Wapo watakaosema nyimbo hizi zinalea unyonge, kijana anahitaji ajira na sio piano. Kweli, wimbo haujanilipia kodi ya chumba. Ila asubuhi yake niliamka nikapiga pasi shati, nikaenda kuomba kazi sehemu mbili. Hotuba za wiki nane hazikunifikisha hapo. Na Angela mwenyewe hakubaki kujililia: mwaka 2014 alisimamisha shughuli zake Japani akiwa na jina kubwa, akarudi Marekani kusomea muziki, na mwaka 2024 akarejea na muziki wa tamthilia ya jukwaani.

Nimalizie na ile Ijumaa. Mwalimu alituambia kila mmoja ajiandikie barua ya kusoma akiwa mkubwa. Wenzangu waliandika kurasa nzima kuhusu udaktari na urubani. Mwaka ule baba alikuwa amefariki, na mimi nilikuwa nimeshaambiwa Jumatatu nisije bila ada. Niliandika sentensi moja tu: "Ada ililipwa?"

Karatasi ile sijui iliishia wapi. Lakini usiku wa kutimiza miaka 30 nilichukua kalamu nikaijibu. Pole, mdogo wangu. Ililipwa. Mjomba aliuza ng'ombe wawili. Mambo mengine bado magumu, nitakuandikia.

Wewe wa miaka 15 alikuuliza nini? Umeshamjibu?

Nawasilisha.