Demio ya dizeli kwa kazi ya mizigo: hesabu kilomita zako kwanza

Ndugu zangu wauzaji wa mtandaoni, wiki hii nimeulizwa swali moja na watu watatu tofauti. Wameona gari yangu kwenye status, Mazda Demio ya dizeli, wamesikia inakula mafuta kidogo, wanataka kujua kama na wao wanunue ya kusambazia mizigo.

Jibu langu: kwa wengi wenu, hapana. Na nasema hivi nikiwa naipenda gari yangu na sina mpango wa kuiuza.

Mimi niko Singida mjini. Nauza mafuta ya alizeti na asali kutoka upande wa Itigi na Manyoni, oda zote napokea kwa simu. Mwaka wa kwanza wa gari hii nilifanya kosa ambalo naona watu wanakimbilia kulirudia. Niliitumia kama bodaboda. Asubuhi dumu moja Mwenge, nazima. Saa nne asali chupa sita Njuki, nazima. Mchana stendi ya Misuna kupakia mzigo wa Dodoma kwenye basi, nazima. Ndiyo, mzigo wa Dodoma nilikuwa naupandisha basi, na gari ya dizeli nimeipaki nyumbani! Kwa siku nzima inatembea kilomita kumi, kumi na tano, tena vipande vipande.

Mwezi wa tano hivi nikachomoa stiki ya oili. Nikakuta oili imepanda, imepita alama ya juu. Nikampelekea fundi mmoja, akacheka akasema, "Kaka hiyo injini nzima kabisa, haili oili hata tone." Nikafurahi. Nilimtumia hadi shemeji yangu picha.

Wiki mbili baadaye naenda Kiomboi na madumu manane, taa ya njano ikawaka na gari ikaisha nguvu. Nakanyaga, haiendi. Lori limejaa magunia likanipita huku dereva ananiangalia kwa huruma. Mteja kashalipa, anasubiri, anapiga simu kila dakika kumi. Nikajikokota mpaka nikafika, na kurudi nikarudi kwa kujikokota.

Fundi wa pili alikuwa na kompyuta ya kupimia. Kabla hata hajaichomeka, alichovya kidole kwenye stiki akanusa, akanipa na mimi ninuse. Dizeli. Oili haikuwa imepanda kwa sababu injini ni nzima. Ilikuwa imepanda kwa sababu dizeli ilikuwa inashukia ndani yake, na oili yenye dizeli ni nyepesi, hailindi chuma. Mpaka kusafisha, kumwaga oili, filta mpya na kazi ya fundi, ilinitoka laki tatu na themanini. Usiione ndogo. Ulikuwa mwezi wa sita, mavuno, alizeti iko chini, na hiyo ndiyo hela niliyokuwa nimeitenga kununulia mzigo. Nilipokuja kuipata tena bei ilishapanda.

Sasa nieleze kwa nini inatokea, maana ukielewa hapa utajua kama gari hii ni yako au si yako.

Dizeli hii si ile ya Hiace za zamani. Ni injini ya cc 1,498 ambayo Mazda walianza kuiweka kwenye Demio mwaka 2014, na gari ikachukua tuzo ya gari ya mwaka Japani kwa 2014–2015. Kwenye bomba la moshi kuna chujio linalokamata masizi, mafundi wanaliita DPF. Chujio likianza kujaa, gari yenyewe inajisafisha: inamwaga dizeli ya ziada ili moshi uwe wa moto sana, masizi yaungue. Kazi hiyo inataka muda. Inataka gari iwe inatembea mwendo mmoja, robo saa au zaidi kidogo, injini ikiwa ya moto. Wewe ukizima katikati kwa sababu umefika kwa mteja, masizi yanabaki, na ile dizeli ya ziada ambayo haijaungua inateleza kwenye kuta za silinda mpaka chini kwenye oili. Kesho inaanza tena, unazima tena.

Kwa hiyo gari hii inahitaji safari. Haijali sana kama safari ni ngumu. Inachotaka ni iwe ndefu. Ndiyo maana Mazda Japani wenyewe walishaita magari yenye injini hii yarudi karakana kwa sababu ya masizi. Si kwamba mafundi wa Singida peke yao ndio hawaijui.

Twende kwenye hesabu. Singida kwenda Dodoma na kurudi ni kama kilomita 480. Barabara kuu yangu inanipa kilomita 20 kwa lita nikiwa na mzigo wa kawaida. (Japani waliipima ya gia otomatiki wakapata 26.4 kwa lita. Hiyo namba iache huko huko Japani.) Lita 24 zinanitosha. Hatchback ya petroli ya ukubwa huo ikikupa 14 kwa lita, ni lita 34. Naokoa lita 10 kwa safari. Ukienda kila wiki, ni lita 40 kwa mwezi. Bei ya lita angalia EWURA, wanatangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zidisha mwenyewe.

Sasa yule wa mjini. Kilomita 15 kwa siku, siku 26, ni 390 kwa mwezi. Kwa kuzima na kuwasha, dizeli ikupe 14, ni lita 28. Petroli ikupe 11, ni lita 35 na nukta. Umeokoa lita 7 na kitu. Oili yake peke yake inazimeza, bado hujakutana na taa ya njano. Mwenye biashara ya aina hii bodaboda wa kuaminika anakutosha, au kagari kadogo ka petroli.

Mimi nilichofanya ni kubadilisha biashara ifuate gari. Mzigo wa Dodoma sasa naupeleka mwenyewe kila Alhamisi, nakusanya oda wiki nzima. Oda za mjini anapeleka kijana wa bodaboda. Tangu hapo chujio linajisafisha kila baada ya kilomita 200 hivi. Wakati ule mbaya ilikuwa inajisafisha kila kilomita 80, tena haimalizi. Utaijuaje? Ukiwa umesimama mlio unakuwa juu kidogo kuliko kawaida, ile i-stop ya kuzima injini kwenye foleni haifanyi kazi, na kipimo cha mafuta cha papo hapo kinaonyesha inakunywa. Ukiona hivyo na umeshafika, usizime. Zunguka, chukua barabara ya Manyoni au ya Babati, nenda ukageuze mbele. Mafuta utakayochoma ni kidogo mno ukilinganisha na laki tatu na themanini.

Oili. Hapa ndipo wengi wanauawa kwa ushauri wa bure. Dukani utaambiwa chukua 15W-40, ni ya dizeli, malori yote yanaweka. Kweli, malori ya zamani hayana chujio. Oili ile ikiungua inaacha majivu, na majivu si kama masizi, hayaungui tena, yanakaa kwenye chujio milele. Hii inataka 0W-30 au 5W-30 iliyoandikwa DL-1. Ukikosa, 5W-30 yenye alama ya C3. Ni ghali, sikatai. Mimi namwaga kila kilomita 5,000, na kila Jumatatu nachomoa stiki. Kwenye stiki kuna alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikikaribia hapo, imwage hata kama uliibadilisha mwezi jana. Oili ikipanda yenyewe kwenye gari hii ni dalili mbaya.

Vumbi la kwetu unalijua. Kuanzia mwezi wa sita mpaka mvua zije, na upepo wa Singida huu, filta ya hewa usisubiri kitabu kinavyosema. Mimi naifungua kila mwezi. Filta ikiziba injini inakosa hewa, masizi yanaongezeka, na tumerudi kule kule. Filta ya dizeli nayo nunua nzuri, na maji yanayojikusanya humo yatolewe kila sevisi. Usijaze kwenye kidumu cha barabarani kwa sababu umepunguziwa mia mbili. Watu wazima mnakumbuka enzi za kuchakachua, mafuta ya taa kwenye dizeli, mpaka serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Nozeli za injini hii hazina uvumilivu na mchezo huo.

Gia ni otomatiki ya kawaida ya gia sita, si CVT. Hydroliki yake inaitwa FZ. Asikuwekee nyingine.

Sasa kuna hili jambo la kutoa DPF. Utaambiwa na fundi, "Hicho kidude tukitoboe, shida zako zimeisha." Nimeambiwa mara nne. Msimamo wangu ni kwamba sitoboi. Kwanza, ukitoboa chujio bila kubadilisha programu ya gari, kompyuta haijui kama limetobolewa. Itaendelea kumwaga dizeli ya kuchoma masizi ambayo hayapo, na oili itaendelea kupanda. Pili, wale wanaobadilisha programu, ukiwauliza wakikosea nani analipa, wanaanza kuongelea mpira. Tatu, mimi nauza chakula. Napaki mbele ya mama lishe, watoto wa shule wanapita, nianze kuwapulizia moshi mweusi halafu nishushe asali nisema ni safi, ya asili? Najua wapo waliotoboa na gari zinatembea. Sibishani nao. Lakini ukiona umefika mahali pa kutoboa, nadhani gari haikuwa yako tangu mwanzo.

Marekebisho niliyofanya ni machache, na yote ya kazi. Viti vya nyuma nimelaza, nikaweka ubao wa plaiwudi uliokatwa kwa vipimo ili sakafu iwe sawa, juu yake raba, na kamba nne za kufungia. Madumu hayachezi. Chini ya injini nimefungiwa bati nene, maana gari iko chini, haifiki sentimita 15 kutoka ardhini, na barabara za kwenda kwa wafuga nyuki zina mawe. Rimu za inchi 16 iliyokuja nazo nikabadilisha na za 15 zenye tairi 185/65, nyama ya tairi ni nene zaidi, mashimo inayavumilia. Kuinua kwa spesa nimeinua sentimita mbili tu. Vijana wanataka kuinua mpaka tano ili ionekane kama CX-3. Utakula shafti na bushi, na bado ni Demio.

Na hapa sikiliza: kuinua gari hakuongezi uwezo wa kubeba. Japani gari ya watu watano inahesabiwa kilo 55 kwa mtu, jumla kilo 275. Dumu la lita 20 la mafuta ya alizeti ni kama kilo 19 ukijumlisha na plastiki yake. Mimi nina kilo 75. Madumu kumi yananifikisha 265. Kumi, basi. Nimeona mtu kapakia kumi na nane, matairi ya nyuma yamelala, anashuka mlima Sekenke na breki za gari ndogo. Faida ya madumu manane ukilinganisha na hicho kinachoweza kutokea pale kwenye kona, mimi sioni hesabu.

(Kuku wa kienyeji nao nilijaribu, mara moja. Miezi mitatu harufu haijatoka, na mteja wa asali akaniuliza.)

Kama bado unaitaka, na safari ndefu unazo, basi wakati wa kununua usidanganyike na kilomita chache. Demio ya dizeli iliyotembea kilomita 40,000 kwa miaka kumi ni gari iliyokuwa inaenda sokoni na kurudi. Afadhali yenye 90,000 za barabara kuu. Nenda na fundi mwenye kompyuta, asome kiasi cha masizi na namna kila nozeli inavyojisahihisha. Mwambie muuzaji usiku uliopita asiiwashe, uiwashe wewe asubuhi ikiwa baridi, mtu asimame nyuma aangalie moshi. Chomoa stiki, nusa. Betri nayo iulize, hizi za i-stop zina betri yake, ukikuta ya kawaida ujue imeshawekwa ya bei nafuu na vingine vimeshafanyiwa hivyo hivyo. Ukiagiza mwenyewe Japani, kumbuka TRA wanaongeza ushuru wa uchakavu kwa gari iliyozeeka, usipige hesabu ya bei ya mnada peke yake.

Na tenga hela ya gari pembeni na hela ya mzigo. Mimi kila safari ya Dodoma naweka elfu kumi na tano kwenye laini nyingine, hiyo ni ya oili na filta, siigusi hata oda ikija kubwa.

Wenye Demio za dizeli mkoani hapa, Manyoni, Ikungi, Kiomboi, semeni kwenye maoni: oili ya DL-1 mnanunua wapi? Mimi mpaka sasa naagiza Dodoma, na wiki iliyopita nimeambiwa imeisha.