Mnaenda likizo, kadi ya chanjo ya mbwa mmemwachia nani?

SHULE zikishafungwa Desemba, stendi ya Kahama hakuna pa kuweka mguu. Familia za wanaofanya kazi migodini Geita na Bulyanhulu zinarudi Moshi, Bukoba, Musoma na Mbeya. Watumishi wa Shinyanga mjini nao wanaelekea kwao. Mipango huwa imekamilika mapema: tiketi zimekatwa, zawadi za bibi zimefungwa kwenye boksi, mtungi wa gesi umezimwa, jirani kaombwa aangalie geti. Ukiuliza mbwa anabaki na nani, utajibiwa kwa mkato: "Yupo kijana."

Kijana huyo ndiye ninayetaka tumzungumzie wiki hii.

Wapo watakaosema safu ya afya imeishiwa mada mpaka imehamia kwa mbwa. Mimi naona hivi: mbwa aliyeachwa bila mpango ni jambo la afya ya mtaa mzima, hata kwa yule ambaye hapendi mbwa na hajawahi kufuga. Mbwa wengi wa huku kwetu hawalali sebuleni. Wanafungwa mchana, wanafunguliwa usiku, na kazi yao ni kubweka. Mkoa wa Shinyanga ndiko sungusungu walikoanzia miaka ya 1980 mwanzoni, watu walipochoshwa na wizi wa ng'ombe, na hata leo mwenye nyumba huku anahesabu ulinzi wake kwa ukuta, taa na mbwa. Familia inapoondoka, kazi ya mbwa inaongezeka na chakula chake kinapungua. Siku ya tatu anaanza kutafuta upenyo kwenye uzio. Siku ya tano yuko jalalani na wenzake.

Mwaka jana kwenye mtaa mmoja ninaoufahamu, familia iliondoka kwenda kula Krismasi ukweni. Mbwa aliachiwa kijana wa miaka 16 aliyekuwa analala kibanda cha uani. Kijana naye ana kwao, na sikukuu ni sikukuu; tarehe 25 aliondoka asubuhi akijua atarudi jioni, akarudi kesho yake. Mbwa alikata kamba. Mtoto wa darasa la pili alikuwa anafuata mpira ulioangukia uwanjani mle, akang'atwa kwenye paja.

Mama yake alimkimbiza hospitali, na swali la kwanza aliloulizwa lilikuwa: mbwa amechanjwa? Hakuna aliyejua. Kijana alisema anafikiri amechanjwa. Mwenye mbwa alikuwa milimani simu haishiki. Alipopatikana baada ya siku mbili alisema ndiyo, amechanjwa, kadi iko chumbani kwenye droo. Chumba kimefungwa, ufunguo uko kwenye mkoba wake, na mkoba uko zaidi ya kilomita 600 kutoka pale. Mtoto alikuwa ameshaanza sindano, na ndivyo ilivyotakiwa, kwa sababu hakuna daktari mwenye akili timamu anayesubiri droo ifunguliwe. Lakini mama yule alipita wiki nzima akimwangalia mwanawe kila anaposhika kikombe cha maji, kama atakunywa au atakataa. Wiki hiyo nzima ingefutwa na kipande cha karatasi.

Tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Kichaa cha mbwa husababishwa na kirusi kinachokaa kwenye mate ya mnyama mgonjwa. Kikishaingia kwenye jeraha hutembea taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni. Mara nyingi safari hiyo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, wakati mwingine wiki chache tu, wakati mwingine zaidi ya mwaka. Katika muda huo chanjo ina nafasi ya kukiwahi. Dalili zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa, awe Geita au Ulaya. Shirika la Afya Duniani linakadiria vifo 59,000 kwa mwaka duniani, vingi Afrika na Asia. Wagonjwa 99 kati ya 100 wameambukizwa na mbwa, na vifo vinne kati ya kumi ni vya watoto wenye umri chini ya miaka 15. Ni watoto kwa sababu ndio wanaofuata mipira kwenye nyua za watu.

Kwa hiyo aliyeng'atwa aoshwe jeraha papo hapo kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kwa saa, siyo kwa kukadiria. Usipake pilipili, usipake mafuta ya taa, usifunge majani. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni mkwaruzo. Sindano huchomwa kwa tarehe maalumu, na mtoto akionekana mzima baada ya ya pili si sababu ya kuruka ya tatu.

Na yule mbwa msimuue. Najua hasira inavyokuwa. Mbwa aliyeng'ata mtu akifungiwa mahali salama na kuangaliwa siku 10, akawa bado mzima, anakula na anakunywa, basi hakuwa anatoa kirusi kwenye mate siku ile alipong'ata. Mbwa aliyepigwa mawe mpaka akafa na kuzikwa nyuma ya choo hawezi kumwambia daktari chochote. Kumwangalia siku hizo 10 ni kazi ya mtu, na mtu huyo ndiye mliyemwachia nyumba. Je, anajua?

Basi kabla ya kufunga begi, ichukue ile kadi ya chanjo. Ipige picha ubaki nayo kwenye simu, na kadi yenyewe mpe anayebaki. Kama anayebaki ni kijana asiyejua kutunza karatasi, mpe mama wa nyumba ya pili. Akishindwa kabisa, mpe balozi. Isibaki droo ya chumbani.

Kama kadi haipo kwa sababu chanjo haipo, hesabu ya siku inakubana. Mbwa anayechanjwa kwa mara ya kwanza huhitaji wiki tatu hadi nne kinga ijijenge vizuri. Kumchanja asubuhi ya safari ni afadhali kuliko kutomchanja, lakini kwa likizo hiyo bado hujamlinda mtu. Mwenye safari ya katikati ya Desemba anatakiwa awe amefika kwa afisa mifugo wa kata katikati ya Novemba. Bora zaidi ni kuilenga Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba, kwa sababu karibu na siku hiyo ndipo maeneo mengi hufanya kampeni za chanjo. Baada ya hapo ni kila mwaka. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya kila 100 wa eneo wakichanjwa, ugonjwa unakosa pa kushika. Wanaofuatilia wilaya za Serengeti na Ngorongoro kwa miaka mingi wameona hivyo hivyo: mbwa wakichanjwa, wanaong'atwa na wagonjwa wanapungua, na hata wanyama wa porini wanapona. Sisi tunaosikia fisi wakilia usiku tusilipuuze hilo la mwisho.

Sasa, nani abaki naye? Dar es Salaam na Arusha wapo wanaopokea mbwa kwa malipo ya siku, kama nyumba ya wageni. Kwetu kazi hiyo ni ya jirani, ndugu au mlinzi, na sioni ubaya wowote, ilimradi iitwe kazi. Shida inaanza inapoitwa msaada. Mtu anayesaidia ana haki ya kusahau, anayelipwa hana. Kaeni naye siku mbili tatu kabla ya safari, ampe mbwa chakula kwa mkono wake ninyi mkiwepo, amfunge na kumfungua mwenyewe. Mbwa mkali asiyemjua mlishaji ni hatari kwa mlishaji kabla ya yeyote. Na kama anayebaki ana kwao na anataka kula sikukuu, ambaye hataki ni nani, basi tafuteni wawili wa kupokezana. Hiyo moja tu ingemwokoa mtoto wa darasa la pili.

Kuna jambo watu huona haya kulisema. Mitaa yetu imechanganyika. Jirani yako Mwislamu anaweza kukulindia nyumba kwa moyo wote, akakuwashia taa jioni na kukupigia simu akisikia kishindo, lakini mate ya mbwa kwake ni najisi, na kila akigusa bakuli analazimika kujitwaharisha kwa utaratibu wa dini yake. Atakukubalia kwa sababu ya ujirani, halafu atakuwa anarusha chakula kutoka mbali au anamtuma mtoto. Usimweke hapo. Mwombe taa na geti, bakuli mpe mwingine.

Chakula kipimwe na kiachwe, siyo "utaona kilichopo jikoni" wakati jiko lenyewe limefungwa. Ugali wa dona na dagaa unatosha, mara moja au mbili kwa siku, kwa saa ile ile aliyoizoea. Lakini unga uwe mzima. Wengi wetu tuna tabia ya kusema mahindi yaliyoingia ukungu ni ya mbwa. Mahindi hayo huwa na sumukuvu, sumu ile ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016, na mbwa ni miongoni mwa wanyama inaowaharibu ini haraka sana. Ukirudi ukamkuta amenyong'onyea na macho ya njano, huenda hakulogwa wala hakutegewa sumu na wezi. Huenda ni gunia lile la stoo. Mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo wakati wa sikukuu huwa mingi, nayo isiende kwenye bakuli, maana inavunjika kama miiba na kumchoma tumboni.

Maji ndiyo yanayosahaulika kuliko yote. Mbwa wa kilo 20 anahitaji angalau lita moja kwa siku, na kwa joto la Shinyanga zaidi ya hapo. Mabomba yetu yana maji ya Ziwa Victoria siku hizi, lakini mgao unaujua mwenyewe. Acha madumu yamejaa. Na kama anafungwa mnyororo, mwambie kijana kivuli cha saa nne si kivuli cha saa tisa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama ampatie chakula, maji na malazi, na haisemi "isipokuwa ukiwa likizo".

Walioko Geita, Katoro, Nyarugusu na kwingine kwenye makarasha wana la ziada. Mbwa mwenye kiu hachagui dimbwi. Maji yaliyosafishia dhahabu yanaweza kuwa na zebaki, na ya mitambo ya kuchenjulia yanaweza kuwa na sianidi, ambayo humuua mnyama ndani ya dakika. Nyumba iliyo karibu na maeneo hayo isimfungulie mbwa hata usiku, labda uzio uwe hauna tundu. Na kule machimboni kwenyewe lipo la kusikitisha zaidi: dhahabu ikisikika imetoka mahali pengine, kambi inahama kwa usiku mmoja na mbwa wanabaki. Hawana mwenyewe, hawana kadi, wanazaana. Hao ndio mbwa wako atakaokutana nao jalalani siku ile ya tano.

Mwenye mbwa jike ahesabu pia miezi. Huingia kwenye joto mara mbili hivi kwa mwaka, kwa wiki tatu hivi kila mara. Ikiangukia safarini, madume ya kata nzima yatalala getini kwako, yatapigana, na atakayepita kwenda dukani ndiye atakayeng'atwa. Kijana aambiwe mapema, siyo agundue mwenyewe.

Kuna wanaouliza kwa nini wasisafiri naye. Mabasi mengi hayatampokea, na kwa gari lako mwenyewe utahitaji kibali cha kumsafirisha kutoka kwa afisa mifugo, ambacho nacho kitadai chanjo. Kwa mbwa wa ulinzi ambaye hajawahi kupanda gari, saa 12 za barabarani na watoto kiti cha nyuma, mimi ningemwacha.

Mwachie anayebaki namba tatu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: yako, ya mtu mwingine mtakayekuwa naye huko, na ya daktari wa mifugo. Mwachie pia fedha kidogo ya dharura, na useme wazi kuwa ni ya mbwa, vinginevyo itakuwa ya vocha.

Mkirudi Januari, kabla ya kumlipa kijana, muulize swali moja na umwambie hutamkasirikia kwa jibu: mbwa alitoka nje ya geti? Alipigana na mbwa wengine? Kisha mwangalie mbwa mwenyewe, masikio, shingo na miguu ya mbele, kama ana jeraha au kovu jipya. Likiwepo, kesho yake asubuhi mpelekeni kwa daktari wa mifugo pamoja na kadi yake, mabegi mtafungua baadaye.