Ubingwa uanzie wodini, hata Tarime

Wengi wetu tunadhani maandalizi ya ubingwa yanaanza ukifika Muhimbili au Bugando. Mi nakataa. Miaka 5 ya MD, mwaka 1 wa utarajali, halafu ndo ujifunze kupangilia maelezo ya mgonjwa? Umechelewa!

Tukiwa fildi Tarime au Mugumu, tumwombe daktari mzoefu dakika 20 baada ya raundi. Mweleze mgonjwa wako, sema unadhani anaumwa nini, naye akubane: "Kwa nini?" Bila kufokeana, jamani.

Mama anayevuja damu baada ya kujifungua Serengeti hawezi kusubiri bingwa wa Mwanza. Anamtegemea aliyepo zamu, anayefikiri haraka. Na naamini aliyenolewa huku ndiye atakayetamani kurudi huku akiwa bingwa. Mnasemaje?