Kilo 46 Si Shabaha: Beba Kidogo, Kikundi Kipumue

Leo naweka kando seva na programu kidogo, ingawa mtaona hazikai kando muda mrefu. Nataka tuzungumze kuhusu mabegi.

Kila mwaka, Februari ikifika, marafiki huanza kuniuliza swali moja. Wanajiandaa kwenda Ulaya ya kusini na kikundi: kanisa, chama cha akiba, watu waliosoma pamoja. Ziara huwa kati ya Machi na Mei, majira ya kuchipua, kabla jua la kiangazi halijawa kali. Nibebe nini? Jibu langu ni lile lile: nusu ya unachofikiria, kisha punguza tena. Wengi hucheka. Wanadhani ni mtindo tu wa vijana wa kompyuta wanaopenda kutembea na begi moja la mgongoni.

Si mtindo. Ukisafiri peke yako, uzito wa begi ni jambo kati yako na mgongo wako. Ukisafiri na kikundi, uzito huo ni gharama unayowatoza wenzako bila kuwauliza. Huo ndio msimamo wangu, na sasa nitautetea.

Nitatumia mfano ninaoujua: Andalusia, kusini mwa Uhispania, mwezi wa Aprili. Nilikwenda huko na kikundi cha watu 24 kutoka Nairobi, siku 9, tukapita Sevilla, Córdoba, Granada na Málaga.

Hali hiyo ya hewa unaishi nayo tayari

Kampuni iliyotuandalia ziara ilitutumia orodha ya vitu vya kubeba. Ndani yake kulikuwa na glavu, skafu na koti zito. Neno "Ulaya" likitajwa, sisi huona theluji, na watu wakakimbia Gikomba kutafuta makoti ya kwenda Norway.

Lakini tuangalie data. Sevilla mwezi wa Aprili, wastani wa joto la mchana ni kama nyuzi 23, na alfajiri kama nyuzi 11. Sasa linganisha na Nairobi mwezi wa Julai: mchana nyuzi 21 au 22, alfajiri 11 au 12. Umeona? Ni nguo zile zile unazovaa kwenda kazini mwezi wa saba. Huhitaji kununua chochote.

Granada ni tofauti kidogo. Iko mita 700 hivi juu ya usawa wa bahari, chini ya milima ya Sierra Nevada, ambayo kilele chake, Mulhacén, kina mita 3,479 na theluji yake huonekana hata Aprili. Mchana ni karibu nyuzi 20, usiku hushuka hadi 6 au 7. Kama umewahi kulala Nyahururu, baridi hiyo mnajuana. Dawa yake ni fulana, shati, sweta na koti jepesi la mvua, vyote kwa pamoja. Nguo nyembamba zikivaliwa juu ya nyingine hushika joto, na jua likitoka saa nne unavua moja moja. Koti zito halina hatua ya katikati: ama umelivaa na unatoka jasho, ama umelibeba mkononi siku nzima.

Mvua ipo. Tabianchi ya Mediterania ina mvua wakati wa baridi na ukame wakati wa joto, na majira ya kuchipua ni mpito kati ya hayo mawili. Machi 2025, kwa mfano, Uhispania ilinyeshewa vibaya, dhoruba zikifuatana. Lakini kwa kawaida Sevilla hupata mvua ya Aprili iliyo chache sana kuliko masika yetu ya Nairobi mwezi huo huo. Mtu aliyezoea kuvuka mitaa ya Nairobi mwezi wa nne hawezi kutishwa na manyunyu ya Sevilla.

Tatizo la mkoba

Waliosoma sayansi ya kompyuta wanalijua tatizo la mkoba. Una mkoba wenye kikomo cha uzito. Una vitu vingi, kila kimoja kina uzito wake na thamani yake. Uchague vipi ili thamani iwe kubwa bila kuvuka kikomo? Mwaka 1972 Richard Karp aliliweka kwenye orodha yake ya matatizo 21 magumu, yale ambayo hadi leo hakuna aliyepata njia ya haraka ya kuyatatua kila mara. Si ajabu. Ukiwa na vitu 40 tu, kila kimoja kiingie au kibaki, una njia zaidi ya trilioni moja za kupanga begi.

Lakini tatizo la vitabuni lina dhana mbili ambazo safarini hazisimami.

Dhana ya kwanza ni kwamba kila kitu kina thamani yake bila kutegemea vingine. Sivyo. Sweta ya kwanza usiku wa Granada ina thamani kubwa. Sweta ya pili, ukiwa na ya kwanza, haina karibu thamani yoyote, ila uzito wake ni ule ule. Jozi ya tatu ya viatu vivyo hivyo. Ukitaka kujua kitu kina thamani gani, usiulize "Je, nitakihitaji?" Jibu huwa ndiyo siku zote, kwa sababu woga haujui kusema hapana. Uliza, "Nisipokuwa nacho, nitatumia nini badala yake?" Ukiwa na jibu, kiache.

Dhana ya pili ni kwamba kikomo ni kile kilichoandikwa. Baadhi ya mashirika ya ndege yanayotoka Nairobi yanaruhusu mabegi mawili ya kilo 23. Basi watu huzichukua kilo 46 kama shabaha, na wasipofika wanahisi wameibiwa. Lakini ndege haina shida na kilo zako. Kikomo cha kweli kiko mbele: ni ngazi za hoteli ya zamani isiyo na lifti, ni vichochoro vya mawe ambavyo basi haliwezi kuingia, ni tumbo la basi lenye milango miwili na dereva mmoja.

Foleni ya watu 24

Sisi waandishi wa programu tunajua kwamba mfumo mzima huenda kwa kasi ya sehemu yake iliyo nzito zaidi. Kikundi cha watalii ni hivyo hivyo. Piga hesabu nami: sanduku kubwa likichukua dakika moja kupakiwa na dakika moja kushushwa, masanduku 24 ni dakika 48 kila mnapohama. Hameni mara tano na mmepoteza saa nne nzima. Hiyo ni nusu siku ya ziara mliyoilipia pamoja.

Sasa nieleze gharama hiyo inavyolipwa. Siku ya kutoka Sevilla kwenda Granada tulipaswa kuondoka saa mbili asubuhi. Hoteli ilikuwa ndani ya mtaa wa Santa Cruz, ambao vichochoro vyake havipitishi basi, kwa hiyo masanduku yaliburutwa juu ya mawe hadi barabara kubwa. Magurudumu mawili yakavunjika. Tuliondoka saa tatu na robo. Mbele yetu kulikuwa na kilomita 250 hivi, na tiketi za Alhambra.

Alhambra, kwa asiyejua, ni ngome na majumba ya wafalme Waislamu wa Granada, na sehemu yake nzuri kuliko zote ni majumba ya Wanasri, yaliyojengwa zaidi karne ya 14. Tiketi ya kuingia mle imeandikwa saa. Ukichelewa saa yako, umekosa. Tena tiketi ina jina lako, na mlangoni unaonyesha pasipoti.

Saa yetu ilikuwa saba na nusu mchana. Tulifika muda ukiwa mdogo sana, na ndipo bwana mmoja akakumbuka kwamba pasipoti yake iko chini ya sanduku lake, na sanduku lake liko chini ya mengine kumi. Kiongozi wa ziara akatuambia tutembee haraka. Alhambra ni pana na njia zake zina miinuko. Katika kikundi chetu kulikuwa na mwalimu mstaafu, mama wa miaka 70 hivi, mwenye begi dogo kuliko letu sote. Alikuwa ameweka akiba miaka miwili kwa safari ile. Katikati ya njia akaketi kwenye benchi, pumzi imemwishia, akatuambia, "Endeni wanangu, mtanionyesha picha."

Tuliingia. Yeye hakuingia. Na yule bwana wa pasipoti hakuingia pia, lakini huyo angalau alilipia begi lake mwenyewe. Mwalimu alilipia begi la mtu mwingine.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi, ndiyo maana ya methali: mzigo usio mgongoni mwako huuoni uzito wake. Mwenye sanduku la kilo 30 haoni anachowafanyia wengine.

Begi langu, kwa gramu

Nisije nikaambiwa nahubiri tu. Hiki ndicho nilichobeba siku zile 9, mbali na nguo nilizovaa:

- Begi lenyewe la mgongoni: 900
- Mashati na fulana 4: 800
- Suruali moja: 400
- Sweta moja: 400
- Koti jepesi la mvua: 300
- Kikoi: 200
- Chupi 5 na soksi jozi 4: 600
- Ndara: 300
- Sabuni ya kipande, mswaki, dawa: 700
- Chaja, waya, adapta, pawabanki: 700
- Kebo ya ekstensheni: 400

Jumla ni kilo 5.7. Kikoi kilikuwa taulo, shuka ya ndani ya ndege na pazia la basi. Akina dada, leso inafanya yote hayo na zaidi, kwa sababu makanisa makubwa ya huko hayapendi mabega wazi. Nguo nilifua mwenyewe kwenye sinki. Sote tumekua tukifua soksi kwenye karai, sijui kwa nini tukipanda ndege tunasahau. Sabuni ya kipande haimwagiki, wala haiguswi na ile sheria ya mililita 100 iliyoanza Ulaya mwaka 2006 na ambayo viwanja vingi bado vinaifuata.

Kuhusu umeme: soketi za Uhispania ni za pini mbili za mviringo, zetu ni tatu za mraba. Volti ni 230 kwa 240, kwa hiyo huhitaji mashine ya kubadili umeme. Adapta moja na ekstensheni moja ya nyumbani zinachaji simu za chumba kizima, ila msichomeke pasi hapo. Pawabanki hukaa nawe ndani ya ndege, kamwe si kwenye mzigo wa chini, na kikomo cha kawaida ni saa-wati 100. Zidisha: mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni saa-wati 74. Uko salama.

Na hapa ndipo kikundi kinaweza kuwa faida badala ya mzigo. Kwetu kulikuwa na pasi 11. Pasi kumi na moja, jamani, kwa watu 24! Kama kuna kundi la WhatsApp la ziara, na huwa lipo, andikeni humo jedwali: nani analeta pasi, nani sanduku la huduma ya kwanza, nani mkasi wa kucha. Mbili mbili zinatosha.

"Lakini mimi..."

Najua pingamizi. Kuna mwenye dawa nyingi, kuna mwenye mtoto mchanga, kuna anayetumia vifaa maalumu. Hao wabebe kila wanachohitaji, na sisi wengine tuwe wepesi ili tuwe na mikono ya kuwasaidia. Hiyo ndiyo sababu moja kubwa ya kubeba kidogo.

Kuna pingamizi la vifurushi: binamu aliye Madrid anataka unga wa ugali na majani ya chai. Peleka kilo mbili kwa upendo. Nyama na maziwa usiguse, kwa sababu Umoja wa Ulaya unakataza abiria kuviingiza kutoka nje. Na kuna pingamizi la zawadi za kurudi nazo. Sawa, kunja mfuko mtupu wa kitambaa uuweke chini ya begi. Nafasi ya zawadi huachwa wakati wa kwenda, haitafutwi wakati wa kurudi.

Mwisho, jaribio, kwa kuwa hakuna programu inayotolewa bila kujaribiwa. Siku tatu kabla ya safari, funga begi lako kama unavyokusudia kwenda nalo. Libebe hadi ghorofa ya nne kwa ngazi, ushuke nalo, upande tena, bila kupumzika na bila msaada wa askari wa getini. Ukifika juu ukiwa unaweza kuongea vizuri, uko tayari. Usipoweza, lifungue hapo hapo kwenye ngazi, toa vitu vitano, upande tena.