Mfumo Endeshi Ndani ya Flashi: Nani Atamwandikia Kijana wa Ziwani?

Kwa muda mrefu mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki umekuwa mjadala wa istilahi. Wataalamu wamebishana iwapo chombo kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi, na ubishi huo una nafasi yake katika taaluma. Hata hivyo, lipo swali ambalo limeachwa pembeni: baada ya chombo kupewa jina, ni nani aliyemweleza mtumiaji, kwa Kiswahili, namna ya kukifufua kinapozimika?

Swali hili lina uzito mkubwa katika mtaa kama Ziwani, jirani na Kariokor na Starehe jijini Nairobi. Huko, kama ilivyo katika mitaa mingi ya Eastlands, kompyuta aghalabu huingia nyumbani ikiwa imekwisha kutumika kwingine. Diski yake ya ndani huenda imechakaa, na mfumo endeshi wake umepitwa na wakati. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mfumo uliofuata, Windows 11, hudai angalau gigabaiti 4 za kumbukumbu, gigabaiti 64 za hifadhi na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine nyingi kuukuu haziyatimizi masharti hayo, na mwenye nayo huambiwa anunue nyingine. Lakini wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Koleo mbadala lipo, nalo hutoshea mfukoni. Tangu Linus Torvalds alipoanzisha Linux mwaka 1991, watu wengi wameunda mifumo huria juu ya msingi huo, na baadhi yao wamekusudia mashine dhaifu. Puppy Linux, iliyoanzishwa na Barry Kauler wa Australia mwaka 2003, ni mfano bora. Faili lake lina mamia machache tu ya megabaiti. Mfumo wote hupakiwa katika kumbukumbu ya kompyuta, kwa hiyo hufanya kazi kwa wepesi hata pale ambapo diski ya ndani imeharibika au haipo kabisa. Mfumo wa antiX nao una nia hiyo hiyo. Kompyuta yenye gigabaiti 2 za kumbukumbu huitumikia mifumo hii bila malalamiko.

Utaratibu wenyewe si uganga. Mtumiaji hupakua faili moja lenye kiishio cha ISO. Kisha hulinganisha namba ya uhakiki iliyotolewa na watengenezaji na ile ya faili alilopata, ili ajue kwamba halikuharibika njiani. Hapo ndipo wengi hukwama: hulinakili faili kwenye flashi kama wanavyonakili wimbo, na kompyuta haiwaki. Sababu ni kwamba flashi inahitaji kuandikwa upya, pamoja na sehemu ya mwanzo ambayo kompyuta huitafuta inapoamka. Kazi hiyo hufanywa na programu kama Rufus, nayo hufuta kila kitu kilichokuwamo ndani ya flashi. Baada ya hapo kompyuta huzimwa, huwashwa tena, na kitufe cha F12, Esc au F2, kulingana na mashine, hubonyezwa mara moja ili kuchagua flashi badala ya diski. Kwenye mashine za karibuni, kinga iitwayo Secure Boot huenda ikahitaji kuzimwa kwanza. Mwisho wa kazi, Puppy humuuliza mtumiaji iwapo ahifadhi kazi na mipangilio yake. Anayechomoa flashi ghafla hupoteza alichokifanya.

Faida zake si za kiuchumi pekee. Kijana anayetuma maombi ya chuo kupitia KUCCPS, au anayeingia eCitizen, huandika nywila yake kwenye kompyuta za saiba asizozijua. Akiruhusiwa na mwenye saiba kuwasha mashine kwa flashi yake mwenyewe, programu za ujasusi zilizojificha katika diski ya mashine hiyo hazipati nafasi ya kuamka. Aidha, leseni za programu huria humruhusu aliyepakua mara moja kuwanakilia jirani zake kumi bila kuvunja sheria, jambo lenye maana mahali ambapo bando hununuliwa kwa kupimwa.

Watakuwapo watakaosema kwamba simu imekwisha kulimaliza tatizo hili. Simu ni msaada mkubwa, ila tasnifu haiandikwi kwa kidole gumba, wala uprogramu haujifunzwi vyema kwenye kioo cha inchi sita. Wengine watasema flashi ni polepole na huchakaa kwa kuandikwa mara nyingi. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu mwongozo mzuri humhimiza mtumiaji kuweka nakala ya kazi zake mahali pengine.

Kikwazo kilichobaki, basi, ni lugha. Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa Kiingereza cha mafundi. Si kwamba Kiswahili hakiwezi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo yake. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kilichokosekana ni kalamu.

Wala hapana haja ya kusubiri istilahi zikamilike. Jina la Kariokor lenyewe lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, kama lilivyotokana nalo jina la Kariakoo huko Dar es Salaam. Hakuna kamati iliyoketi kulitohoa. Watu walilitamka kwa sababu walilihitaji. Vivyo hivyo, flashi na faili vitazoeleka kwa kutumika.

Yafaa vyama vya Kiswahili vyuoni vichukue jukumu hili. Kurasa mbili au tatu za maelekezo sanifu, zilizojaribiwa hatua kwa hatua na kuchapishwa kwa bei ya nakala, zatosha kuanzia. Wahakiki wa kwanza wasiwe maprofesa. Mwongozo upelekwe Ziwani, apewe kijana mwenye mashine iliyolala. Akiuwasha mfumo bila kumwita mtu amfasirie, Kiswahili kitakuwa kimefaulu mtihani ambao makongamano hayajawahi kukitahini.