Kampuni Hununuliwa, Ujuzi Hufundishwa



Nchi inapojaliwa mali chini ya ardhi, ikiwa ni mafuta, gesi au mvuke wa moto, na serikali ikawa na kampuni yake ya kuitoa, swali la kwanza liulizwalo barazani ni hili: Je, wenyeji wataajiriwa wangapi? Swali hilo ni la haki, wala hatumlaumu aulizaye, maana mwenye njaa hana subira. Walakini twaona kwamba ni swali pungufu. Yatupasa tuulize tena: Wataajiriwa kwa kazi gani? Nani atawafundisha kazi iliyo juu yao? Na mafunzo hayo yatakwisha lini, hata mwanafunzi akabidhiwe ufunguo?

Mtu asipouliza maswali haya matatu, aweza kuona daftari la mishahara limejaa majina ya wenyeji, akafurahi, kumbe kazi yenyewe ingali mikononi mwa wageni. Ili tusiseme maneno matupu, twataka kuwaonyesha wasomaji wetu mambo yaliyotukia katika nchi ya Saudia, ambayo kampuni yake ya mafuta, Saudi Aramco, ni miongoni mwa kampuni kubwa kabisa duniani.

Tarehe 29 Mei 1933 serikali ya Saudia ilitia sahihi mkataba na kampuni ya Kimarekani, Standard Oil of California, ili itafute mafuta katika upande wa mashariki wa nchi. Katika mkataba huo mlikuwa na kifungu cha 23. Kifungu hicho kilisema kwamba kazi itasimamiwa na Wamarekani, nao wataajiri raia wa Saudia kwa kadiri iwezekanavyo. Na maadamu wanapatikana Wasaudia wanaofaa, hawataajiriwa watu wa mataifa mengine.

Kila karani aliyezoea kusoma barua za serikali atayatambua mara moja maneno haya, “kwa kadiri iwezekanavyo”. Ni mlango usio na komeo. Nani atakayepima kadiri hiyo? Nani atakayeamua kwamba mtu fulani anafaa au hafai? Mkataba haukutaja idadi ya wanafunzi, wala mwaka, wala cheo. Basi mwenye kupima akawa ni yule yule mwenye kuajiri.

Mafuta ya kutosha biashara yalipatikana mwaka 1938, katika kisima cha saba cha Dammam. Vita vilipokaribia kwisha kazi iliongezeka sana, na Wasaudia waliandikwa kwa maelfu. Mtu anayehesabu vichwa tu angesema kwamba kifungu cha 23 kimetimizwa. Lakini kazi zao zilikuwa zipi? Wengi walikuwa wachimbaji, wapagazi, madereva, na maboi wa ofisini. Makambi nayo yalitengwa kwa daraja. Wamarekani walikaa katika nyumba zenye mashine za kupoza hewa. Mafundi na makarani kutoka India na nchi nyingine walikuwa na kambi yao. Na Wasaudia, wenye nchi, wengi walilala katika vibanda vya makuti. Hapo ndipo tunapoona hesabu ya vichwa inavyoweza kudanganya. Wenyeji walikuwa wengi kuliko wote, na ujuzi wao ulikuwa mdogo kuliko wa wote.

Je, nini kilichogeuza mambo? Wengine husema ni wema wa kampuni. Wengine husema ni nguvu ya serikali. Tukisoma historia twaona pia jasho la wafanyakazi wenyewe. Waligoma mwaka 1945. Mwaka 1953 walichagua kamati iwasemee juu ya mishahara, nyumba na shule. Wakuu wa kamati walipokamatwa, wafanyakazi wapatao 13,000 waliacha kazi. Baada ya mgomo mishahara iliongezwa, na kampuni ikakubali kujenga shule za serikali kwa ajili ya watoto wa wafanyakazi wake. Hata hivyo mwaka 1956 migomo ilipigwa marufuku kwa amri ya mfalme. Basi tusidhani kwamba serikali ya wenyeji daima husimama upande wa mfanyakazi mwenyeji. Pengine husimama naye, pengine humfunga.

Tugeukie mafunzo yenyewe, maana hapo ndipo penye somo letu. Kampuni ilianza na shule ndogo katika miaka ya 1940, ambazo zilifundisha kusoma, hesabu na Kiingereza. Baadaye zikaja shule za ufundi, ambamo mtu alisoma saa kadhaa na kufanya kazi saa kadhaa. Waliofanya vizuri walipelekwa katika vyuo vya nje. Mwaka 1963 serikali ilianzisha Chuo cha Mafuta na Madini pale Dhahran, karibu na visima vyenyewe, na chuo hicho leo ni chuo kikuu. Angalieni mpango huo: ni ngazi yenye vipawa vingi, wala hapana kipawa kilichorukwa. Mtoto wa kibanda cha makuti hakuambiwa awe mhandisi kesho. Aliambiwa ajifunze hesabu leo, na kesho akapewa kazi inayohitaji hesabu hiyo.

Mfano ulio mashuhuri ni Bwana Ali Al-Naimi. Alizaliwa mwaka 1935, na mwaka 1947, akiwa bado mtoto, aliingia katika kampuni kama boi wa ofisi. Alisoma katika shule za kampuni, kisha akapelekwa Marekani, akapata shahada ya elimu ya miamba katika chuo cha Lehigh mwaka 1962, na shahada ya pili katika chuo cha Stanford mwaka 1963. Aliporudi hakukaa katika kiti cha heshima. Alipelekwa visimani, akapanda daraja baada ya daraja. Mwaka 1984 alishika cheo cha rais wa kampuni, Msaudia wa kwanza kukishika. Mwaka 1995 akawa waziri wa mafuta, akakaa katika wizara hiyo hata mwaka 2016. Enyi makarani na matarishi wenzetu, habari hii isiwape kiburi, bali iwape moyo.

Sasa tupime tarehe. Serikali ya Saudia ilinunua robo ya kampuni mwaka 1973. Mwaka 1974 sehemu yake ikafika asilimia 60. Na mwaka 1980 ikamiliki yote. Kwa muda wa miaka saba tu mali ilihama kutoka mikono ya kigeni kwenda mikono ya wenyeji. Lakini rais wa kwanza mwenyeji alipatikana miaka minne baada ya mali yote kununuliwa, na miaka 37 baada ya yeye mwenyewe kuingia mlangoni kama boi. Tena tangu mwaka 1959 walikuwako Wasaudia wawili katika baraza la wakurugenzi, waliowekwa na serikali. Kumweka mtu barazani ni kazi ya siku moja. Kumlea mtu atakayejua kwa nini kisima kimepungua nguvu, na la kufanya, ni kazi ya miaka 20 au zaidi.

Hili ndilo neno tunalotaka lishike mioyoni mwa wasomaji. Hisa hununuliwa kwa fedha, na siku fedha ilipolipwa hisa huhama. Ujuzi hauhami kwa fedha wala kwa sahihi. Huhama kwa mtu kufanya kazi karibu na mtu, siku baada ya siku, mpaka yule mdogo aweze kufanya pasipo yule mkubwa.

Wako watakaosema, “Miaka 50 tangu mkataba hata kupata rais mwenyeji ni mingi mno; afadhali wageni wafukuzwe na wenyeji wapandishwe mara moja.” Wako na wengine watakaosema, “Wenyeji wasiharakishwe, kazi itaharibika.” Sisi twaona pande zote mbili zina nusu ya kweli. Ni kweli miaka 50 ni mingi, lakini haikuwa mingi kwa sababu mafunzo ni marefu hivyo. Ilikuwa mingi kwa sababu miaka ya mwanzo ilipita pasipo mafunzo ya maana. Na ni kweli kazi huharibika ikipewa asiyeijua. Lakini mtu anayesema “bado hawafai”, wala hafundishi, husema neno ambalo yeye mwenyewe ndiye anayelifanya liwe kweli. Dawa ya kuchelewa ni kuanza mapema, siku ile ile mkataba unapotiwa sahihi.

Msomaji asidhani kwamba mambo haya ni ya Waarabu wenye fedha nyingi peke yao. Hapa Afrika ya Mashariki tunao mfano wetu pale Olkaria, karibu na Naivasha, ambako watu wa Kenya hutoa umeme kwa mvuke wa ardhini. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, ulianza kazi mwaka 1981. Tangu mwaka 1979 palikuwako chuo katika nchi ya Iceland, chini ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa, kilichofundisha elimu ya mvuke huo kwa miezi sita kila mwaka. Kenya ilipeleka watu wake huko mwaka baada ya mwaka, hata ikawa hapana taifa jingine lililopeleka wengi kama wao. Tangu mwaka 2005 masomo mafupi yalianza kutolewa Kenya kwenyewe, kwa ushirikiano wa chuo hicho na kampuni ya KenGen, ambayo serikali ndiyo yenye hisa nyingi ndani yake. Na matunda yake ni nini? Leo umeme wa mvuke nchini Kenya umepita megawati 900. Na KenGen, ambayo watu wake walikuwa wanafunzi wa wageni, imepata kazi ya kuchoronga visima Ethiopia na Djibouti. Mwanafunzi amekuwa fundi anayeitwa na majirani.

Lakini sifa zisitufumbe macho. Ziko hatari tatu ambazo huharibu mpango wa mafunzo hata ukiwa mzuri. Ya kwanza ni mgeni asiyetaka kufundisha, kwa kuwa aona siku mwanafunzi atakapojua ndiyo siku mkate wake utakapokwisha. Huyo hufundisha nusu, na nusu huiweka mfukoni. Yafaa mkataba wake useme kwamba ujira wake wote hautalipwa mpaka mwanafunzi wake ametahiniwa. Ya pili ni upendeleo: nafasi ya masomo hupewa mtoto wa ndugu, na kijana wa kijiji kile kile kilichochimbwa kisima huambiwa ashike koleo. Watu wa mahali waonao magari yakipita tu na vumbi likibaki kwao watakuwa na haki ya kunung'unika.

Hatari ya tatu ni chungu kuisema, kwa maana ni ya kwetu wenyewe. Mwenyeji akishapanda juu, mara nyingine huvuta ngazi. Ufunguo alioupata kwa mgeni baada ya kuulilia miaka mingi, naye humnyima mdogo wake. Huficha vitabu, humtuma chai kijana aliyeletwa kujifunza, na husema maneno yale yale aliyoambiwa yeye: “Bado hufai.” Hapo wageni wameondoka, walakini ugeni umebaki.

Sisi makarani tufanye nini? Hatuandiki mikataba ya mafuta, wala hatukai katika mabaraza ya wakurugenzi. Lakini daftari ziko mikononi mwetu, na wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi ni mali. Katika kila kampuni ya serikali yafaa pawe na daftari la mafunzo, kama lilivyo daftari la fedha. Liandikwe jina la kila mtaalamu wa kigeni, jina la mwenyeji anayejifunza kwake, kazi anayofundishwa, tarehe ya kuanza, na tarehe ya kukabidhiwa. Tarehe ikipita na kazi haijakabidhiwa, sababu iandikwe, na jina la aliyeitoa. Karani mwaminifu akiweka daftari hilo sawasawa, kifungu cha mkataba hakitalala katika faili kama kifungu cha 23 kilivyolala.

Kadhalika twawaomba wanachama walio katika ofisi za kuajiri, kila watakapoulizwa, “Wenyeji ni wangapi?”, wajibu kwa hesabu mbili. Ya kwanza iwe idadi ya walioajiriwa. Ya pili iwe idadi ya wale ambao, mgeni akiondoka leo jioni, wataweza kuiendesha kazi kesho asubuhi pasipo kumwita tena. Hesabu ya pili itakuwa ndogo kuliko ya kwanza, wala tusione haya kuiandika, mradi kila mwaka ionekane imekua.

Mhariri